Kabla ya kukiri kosa, soma kifungu cha adhabu

Mdogo wangu alipofikishwa mahakamani kwa kumpiga mwenzake ngumi, nilimpa ushauri wa kipuuzi: "Kiri tu, yaishe." Ngumi moja tu, nikajua ni faini na kuombana radhi. Bahati nzuri wakili alikuwa na hati ya mashtaka mkononi. Akapiga mstari chini ya maneno mawili: "kudhuru mwili". Yule mwenzake alipasuka mdomo, akashonwa nyuzi tatu, na nyuzi hizo ndizo zilizolipandisha kosa daraja.

Siku hizi mtu akiniletea habari za kesi ya nduguye, kwanza namuuliza ameshtakiwa kwa kifungu gani. Kisha tunatafuta adhabu yake, na hapo natazama neno moja: "kisichozidi" au "kisichopungua". Kifungo kisichozidi miaka mitano kinampa hakimu nafasi ya kushuka. Kisichopungua miaka mitano kinamfunga mikono hakimu mwenyewe, hata mshtakiwa alie machozi ya damu. Na kama aliwahi kutiwa hatiani huko nyuma, wakili aambiwe mapema, maana sheria nyingi humwongezea adhabu anayerudia.

Majina ya madaraja yasikubabaishe, kila nchi ina yake. Ufaransa wana ngazi tatu: ya chini adhabu yake kuu ni faini, ya kati hufika kifungo cha miaka 10, ya juu huweza kufika maisha. Uingereza walifuta mgawanyo wao wa kale mwaka 1967, sasa hutazama kesi inasikilizwa mahakama ipi. Katika sheria ya shirikisho ya Marekani, kosa ambalo kifungo chake cha juu kinazidi mwaka mmoja ni kosa kubwa. Hapo wengi hunaswa: kinachohesabiwa ni kile ambacho sheria inaruhusu, si kile ulichopewa. Mtu anapewa kifungo cha nje, analala kwake usiku huohuo, anadhani yameisha. Miaka baadaye anajaza fomu ya kazi, anakutana na swali: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa?

Mdogo wangu hakukiri. Baada ya mazungumzo, upande wa mashtaka ulibadilisha shtaka likawa shambulio la kawaida, hilo akalikubali, akatozwa faini na gharama za matibabu. Nusu ya faini nililipa mimi, kwa ajili ya ule ushauri wangu.