Jibu: Kuwasikiliza wakazi wa Eastleigh kuhusu afya ya akili

Ndugu, umeuliza kamati yenu ianzie wapi kukusanya maoni kuhusu afya ya akili Eastleigh, mtaa wa Nairobi, ambako wakazi wanazungumza Kisomali, Kioromo, Kikamba na Kikuyu. Mimi ningeanza na maneno yenyewe. Ukimuuliza mama anayeuza mboga kama ana ugonjwa wa akili, atakunja uso, kwa kuwa wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria Mathari tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini ukimuuliza usingizi anaupata vipi, atakuambia ana mawazo mengi, na hapo mazungumzo yameanza. Wasomali nao wana neno buufis, ambalo wakimbizi hulitumia kueleza hamu kali ya kuhamia ng'ambo na unyong'onyevu unaomwandama mtu safari inapokwama, kwa hiyo mkalimani awe mtu wa mtaa huohuo.

Tafadhali msiwakusanye wazee, wanawake na vijana katika baraza moja. Nimehudhuria kikao cha namna hiyo: kijana alisimama, akaanza kueleza jinsi asivyolala, akamwona babake kiti cha mbele, akamalizia kwa kuomba taa za barabarani.

Waelezeni mapema pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba, kwani hofu ya kushtakiwa imewaziba watu vinywa kwa miaka mingi. Kisha rudini kwao na mliyoyaandika, wayasahihishe kabla hayajapelekwa kaunti.