Maswali ya Wasomaji: Ratiba ya Skuli Mtandaoni

*Asalamu alaykum. Skuli yetu ya sekondari imeacha ratiba ya karatasi, sasa tunatumia mfumo wa mtandaoni. Kurasa ni chungu nzima, na nikibonyeza kitufe cha kutengeneza ratiba inakaribia kumaliza, kisha inaganda. Nianzie wapi?*
Mwalimu wa taaluma, Wete

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Ule ukurasa wa miraba ya rangi uache mwisho. Anzia kwenye mipangilio: siku, idadi ya vipindi, mapumziko. Kisha ingiza walimu, madarasa, masomo na vyumba. Ndipo uende kwenye mgawanyo, penye kazi hasa: nani anasomesha nini, darasa lipi, vipindi vingapi kwa wiki.

Kuganda huko mara nyingi si intaneti, ni hesabu isiyoingia. Tuseme mna vipindi 8 Jumatatu hadi Alkhamis, na 5 Ijumaa kwa ajili ya sala. Jumla ni 37. Darasa mlilolipangia 38 halitapata ratiba hata mashine ikeshe. Na vile 3 vya mwisho vya Ijumaa, cha 6 hadi cha 8, vifungeni, maana mfumo haujui habari ya sala mpaka uambiwe.

Maabara ndiyo hunasa wengi. Madarasa 10 yenye pacha 2 kila moja (pacha ni vipindi viwili vinavyofuatana) yanahitaji pacha 20. Maabara ikiwa moja, na mapumziko yakiwa baada ya kipindi cha 3, siku ya vipindi 8 inabeba pacha 3 tu, kwani pacha haikatwi na mapumziko. Kwa wiki nzima, pamoja na 2 za Ijumaa, mna 14. Mkiyasogeza mapumziko baada ya kipindi cha 4 mtapata 18, bado hazitoshi. Dawa ni kuifungia maabara pacha ya majaribio peke yake, na ile ya nadharia ifanyike darasani. Zinabaki 10, na nafasi ya kupumua ipo.

*Tunaanza saa moja na nusu asubuhi, lakini simu yangu inaonyesha 04:30. Nibadilishe kila kipindi?*
Mwalimu, Mkoani

Hapana! Kinachokosewa ni ukanda wa saa: mfumo umebaki kwenye saa za kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Msimamizi aingie kwenye mipangilio ya skuli achague Dar es Salaam au Nairobi. Zanzibar kwa kawaida haimo kwenye orodha, na hizo mbili ni saa yetu hiyo hiyo. Ukisogeza vipindi kwa mkono, siku msimamizi atakaporekebisha ukanda mtaonekana mnaanza 10:30. Na wakati wa kuandika, saa moja na nusu ni 07:30. Ukiandika 01:30 umewaita watoto usiku wa manane.

*Mwalimu mkuu kabadilisha ratiba, mimi bado naona ya zamani.*
Chake Chake

Huenda amehifadhi tu, hajachapisha. Rasimu huiona mwenyewe. Kama ameshachapisha, fungua ukurasa upya. Ile uliyoipakua kwenye simu haibadiliki kamwe, ifute.

*Ramadhani tunafupisha vipindi. Tuipunguze ratiba iliyopo?*
Micheweni

Msiiguse. Tengenezeni nakala, mbadilishe urefu wa kipindi, tuseme kutoka dakika 40 hadi 30, kisha mweke tarehe ya kuanza kutumika. Tarehe ya mwisho iacheni wazi mpaka mwezi uandame, mfumo ukikubali. Usipokubali, wekeni ya mbele zaidi, mje muirudishe nyuma Idi ikishatangazwa.