Mthamini Alianza na Mgongo wa Picha

Mwezi uliopita nilipanda treni kutoka Mombasa hadi Nairobi nikiwa nimeikumbatia picha dhahania, isiyoonyesha mtu wala kitu, ya wino na akriliki juu ya karatasi, niliyoinunua mwaka 2011 mkononi mwa mchoraji mwenyewe, na bei niliyoitarajia nilikuwa nimekwisha kuipangia matumizi. Mthamini aliitupia jicho tu upande wa mbele, kisha akaigeuza na kuifungua fremu. Utepe wa plastiki ulikuwa umebandikwa kingo zote nne, gundi yake ikiwa imepenya hadi mbele kama mafuta ya maandazi kwenye gazeti, na hadibodi ya nyuma ilikuwa imeigeuza karatasi kuwa ya rangi ya chai. Aliniandikia theluthi moja ya bei ya kazi zinazolingana nayo za mchoraji huyohuyo.

Fundi aliyeifremu nilimlipa shilingi 2,500, na kwa miaka mingi nilijigamba kwamba nilipata bei ya rafiki. Hata hivyo, aliyeitundika sebuleni mkabala na dirisha linalotazama bahari ni mimi. Picha ya sura ya mtu ikipauka, utaona kwamba mtu huyo anaumwa. Dhahania ikipauka, utadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Niliutambua ukweli pale tu nilipouona ukanda mwembamba uliokuwa umefichwa na fremu, wenye buluu nzito ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ndugu zangu tunaokusanya sanaa, geuzeni picha zenu leo. Mbao na kadi za bei rahisi zina asidi inayohamia kwenye karatasi na kuifanya iwe njano na kukatika kwa urahisi, kwa hiyo dai kadi isiyo na asidi nyuma, na mbele kadi yenye dirisha ili rangi isigusane na kioo, kwa sababu unyevu wa pwani hujikusanya hapo na kuotesha kuvu. Picha ishikiliwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Japani, nyembamba lakini imara, na gundi ya wanga wa ngano, ambayo huondoka kwa maji. Makumbusho huweka mwanga hafifu wa takriban lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi; sebule yangu ilikuwa inaanika picha kama dagaa.

Kuhusu bei, msikie habari za Julie Mehretu, mchoraji wa dhahania mzaliwa wa Addis Ababa, ambaye picha yake iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2023, lakini msizipime karatasi zenu kwa kipimo hicho. Ile ilichorwa juu ya turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, na kazi ya karatasi kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko turubai ya msanii huyohuyo. Linganisheni msanii yuleyule, ukubwa uleule na kipindi kilekile. Risiti, barua ya mchoraji na saini ya penseli mgongoni ndivyo vitu alivyovitafuta mthamini kwanza, na risiti yangu, namshukuru mke wangu, ilikuwepo.

Utepe sijaugusa, kwani mthamini alinionya kwamba nikiuvuta utaondoka na rangi. Picha sasa iko kwenye ujia usio na dirisha, ikisubiri mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, ambaye gharama yake imeshapita ile 2,500 mara nyingi. Geuzeni picha zenu.