Viza ya Uingereza haikuingizi Dublin

Unauliza kama viza ya Uingereza itakuingiza pia Dublin, mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland? Hapana ndugu, kwa pasi ya Tanzania au Kenya viza ya Uingereza pekee haitoshi. Hiyo ni nchi nyingine na ina viza yake, uombe kabla ya kusafiri. Mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili upo, lakini ni wa raia wa India na China tu.

Kinachowachanganya wengi ni mpaka wenyewe. Ukitoka Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, kwenda Dublin kwa basi hakuna geti; utagundua umevuka pale vibao vya mwendo vinapoacha maili na kuanza kilomita. Ila maofisa wa Ireland husimamisha mabasi na kukagua pasi, kwa hiyo tafadhali usijaribu bahati.

Kama muda ni mfupi, mimi ningebaki Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza na viza yako inatosha. Panda treni London hadi Edinburgh, kama saa nne na nusu, kisha safiri hadi bandari ya Cairnryan, kusini-magharibi mwa Scotland, uvuke kwa feri hadi Belfast, saa mbili na robo hivi. Usikose Giant's Causeway, kwenye pwani ya Ireland ya Kaskazini: nguzo za mawe meusi kama 40,000, nyingi za pembe sita, zimeshikamana kama sega la nyuki hadi ndani ya bahari. Kuzikanyaga ni bure, unalipia kituo cha wageni na maegesho. Vaa viatu vyenye meno, zikilowa zinateleza sana.