Huduma za Wazee Majumbani Huku Uingereza: Jibu kwa Shangazi na kwa Binamu

Shangazi ameniuliza, tena kwa ukali kidogo, inakuwaje mzee amfungulie mlango mtu asiyemjua, aogeshwe na kupewa dawa, ilhali wanawe hawajui kilichotendeka humo ndani. Binamu yangu, ambaye anatafuta njia ya kuja, ameuliza kinyume chake: kama kazi yenyewe ni kuogesha watu, masharti yote ninayoyasimulia ni ya nini? Nawajibu kwa pamoja. Masharti yapo, ni makali, na mengi yana maana; yanapovunjwa, mara nyingi chanzo ni ratiba iliyopangwa na mtu aliyeketi ofisini.

Hapa England (Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina wakaguzi wao) kampuni inayopeleka wahudumu kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha watu majumbani haina budi kusajiliwa na Care Quality Commission, tume iliyoanza kazi mwaka 2009 ambayo sote tunaiita CQC. Kuendesha shughuli hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Wakaguzi hutazama mambo matano: kama huduma ni salama, kama inamfaa mtu, kama ina utu, kama inafuata mahitaji yake, na kama uongozi wake ni mzuri. Kisha kampuni hupewa mojawapo ya madaraja manne, na taarifa huwekwa kwenye mtandao ambako mtoto wa mzee anaweza kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Hata hivyo, Shangazi, ni vyema kutazama tarehe ya taarifa kabla ya kutazama daraja, kwa sababu mwaka 2024 Penny Dash, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza tume hiyo, alieleza kwamba takriban moja ya tano ya vituo inavyopaswa kuvikagua havijawahi kupewa daraja lolote.

Mhudumu naye huchunguzwa. Rekodi yake ya makosa ya jinai huangaliwa kabla hajaachwa peke yake na mteja, na tangu mwaka 2015 wanaoanza kazi hutarajiwa kupitia mafunzo ya Care Certificate, ambayo yalianza na viwango 15. Binamu, usidhani hayo ni ya kupoteza muda. Chukua mfano wa kumhamisha mtu asiyeweza kusimama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Hutumika winchi ndogo yenye magurudumu na kitambaa imara cha kumbebea, na kwa kanuni za mwaka 1998 winchi ya kunyanyulia watu hukaguliwa na mtaalamu angalau kila baada ya miezi sita, hivyo jambo la kwanza ni kusoma kibandiko cha tarehe. Jambo la pili ni ukubwa wa kitambaa, kwa maana kikiwa kikubwa mno mtu huweza kuchomoka. Mpango wa huduma ukisema wahudumu wawili, basi ni wawili. Mwenzako akichelewa, utamsubiri huku mzee akikulalamikia kwamba anataka kwenda chooni, nawe utalazimika kuvumilia lawama hizo.

Kwenye dawa ni vivyo hivyo. Unalinganisha jina, kipimo na saa vilivyo kwenye paketi na vilivyo kwenye karatasi ya dawa, na unatia sahihi baada ya kumwona amemeza, kamwe si kabla. Akikataa, unaandika kwamba amekataa na kutoa taarifa. Humfichii kidonge ndani ya chai. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili inasema mtu mzima anachukuliwa kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama uamuzi wake unaonekana si wa busara. Mwenye kisukari akiagiza keki, unamshauri na kuandika, lakini humnyang'anyi sahani. Wengi wetu tuliotoka nyumbani tukiamini kwamba kumpenda mgonjwa ni kumwamulia, hili hutusumbua kuliko kuosha mwili.

Sasa nije kwenye saa. Mwongozo wa kitaifa uliotolewa mwaka 2015 na NICE, taasisi inayoandika miongozo ya afya na huduma za jamii, ulisema ziara ya nyumbani isipungue nusu saa, isipokuwa kwa sababu maalumu, kama vile kuhakikisha tu kwamba dawa imemezwa. Hata hivyo ziara za dakika 15 bado zipo, kwa kuwa halmashauri nyingi hununua huduma kwa dakika na fedha hazitoshi. Kwa muda huo utambadilisha mtu nepi, utampa chai na kutia sahihi. Kinachoachwa ni kile kisichoonekana kwenye simu ya kazi: kumgeuza na kutazama visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo, ambako vidonda vya kulalia huanza na wekundu mdogo tu, au wekundu usioonekana kabisa kwenye ngozi nyeusi, ambako hutafutwa kwa kugusa joto na ugumu.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa ikipanga ziara iishe saa tatu kamili, na nyingine, mitaa kadhaa mbele, ianze saa tatu kamili hiyo hiyo. Kisheria muda wa kusafiri kati ya wateja huhesabiwa katika kima cha chini cha mshahara. Kwenye ratiba ile haukuwepo. Kuripoti inawezekana, na sheria ya mwaka 1998 inamlinda anayefichua. Lakini mwenye viza iliyodhaminiwa na mwajiri wake anajua kwamba mwajiri huyo akinyang'anywa leseni ya kudhamini, mfanyakazi kwa kawaida hubakiziwa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa hiyo wengi hunyamaza, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote: usalama wa mzee umewekwa mikononi mwa mtu anayeogopa kusema.

Binamu, tangu tarehe 22 Julai 2025 viza ya kazi hii imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi, hivyo anayekuuzia hati ya udhamini ya uhudumu anakuibia. Ukija siku moja kwa njia nyingine halali, tafuta jina la mwajiri kwenye orodha ya CQC, usome sehemu ya usalama na ya uongozi, kisha umuulize muda wa safari umewekwa wapi kwenye ratiba, na nani huitwa pale mhudumu wa pili asipotokea. Wakikujibu kwamba hayo utayaona hukohuko kazini, usitie sahihi.