Wawili wawili si kelele tu: kwa walimu wapya wa Kijerumani hapa tao

Wadogo zangu, nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme. Nikipita kwa korido naskia mtu anaambia darasa "haya, geukieni jirani muongee", halafu kimya, halafu kicheko, halafu Kiswahili, halafu stori ya mechi ya jana. Ticha mwenyewe amesimama mbele anaangalia simu akingoja muda uishe ili aandike kwa rekodi ya kazi "Partnerarbeit (kazi ya wawili wawili), imefanyika". Haijafanyika! Hao wamekaa karibu tu. Hata kwa matatu watu hukaa wawili wawili na sijaona mtu akishuka na cheti cha A2, ngazi ya pili ya Kijerumani.

Najua mmeletwa haraka. Tangu ule mkataba wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani utiwe sahihi Berlin Septemba 2024, kila ghorofa hapa tao Nairobi ina darasa la Kijerumani, na wengine wenu cheti cha B2 kilitoka juzi, mkakabidhiwa chaki kabla hata ya kukitia laminesheni. Hilo sina neno nalo, nilianza hivyohivyo. Neno langu ni moja, mnafunza Hören (kusikiliza) Jumatatu na Sprechen (kuongea) Alhamisi, kana kwamba masikio ni ya mtu mmoja na mdomo ni wa mwingine. Hören inakuwa kubonyeza spika na kuweka tiki. Sprechen inakuwa kukariri. Na mtu akifika mbele ya watahini wanataka aongee NA asikie kwa wakati mmoja, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani, kwa Kijerumani angalau.

1. A lazima awe na kitu ambacho B hana

Ukiambia watu wawili, huyu A na yule B, waulizane "unaishi wapi" na wote wametoka Umoja na wanapandia gari stage moja, nani ana haja ya kusikiliza jibu? Chora ramani ya hapa katikati, Jeevanjee, City Market, Msikiti wa Jamia, Maktaba ya McMillan, Archives. Kwa ramani ya A futa majina ya sehemu mbili, kwa ya B futa mengine mawili, kisha waulizane njia kwa Kijerumani bila kuoneshana karatasi. Watabishana. Waache wabishane, hapo ndipo mtu anagundua kumbe alisema links (kushoto) na alimaanisha rechts (kulia).

Kipimo changu ni rahisi sana: kama B anaweza kumaliza kazi akiwa ameziba masikio, hiyo si kazi ya wawili.

Sasa kuna mmoja wenu, simtaji, alikuwa anafanya Sprechen Teil 3 (sehemu ya tatu) ya mtihani wa A2 wa Goethe, ile ya kalenda mbili mtu na mwenzake watafute muda wa kukutana. Zoezi zuri kuliko yote, limepikwa tayari, wewe ni kupakua tu. Akafotokopi kalenda zote mbili kwa ukurasa mmoja ati kuokoa karatasi. Darasa likaangalia karatasi, likaona Alhamisi saa kumi ndio nafasi pekee, "Donnerstag, 16 Uhr?" "Okay, tschüss." Kwisha. Akaja kuniambia wanafunzi wake wako mbele ya silabasi. Jameni, mkasi ni pesa ngapi?

2. Mgongo kwa mgongo

Geuza viti. Mtu asipoona uso wala mikono ya mwenzake lazima asikilize, na hii ndio mazoezi ya simu, maana huko wodini Ujerumani simu italia na hakuna atakayekuonyesha kwa ishara. Na kama darasa lako linaangalia Tom Mboya Street usitafute sauti za kuvuruga kwa intaneti, makanga wanakupea za bure kuanzia alfajiri.

3. Namba, kila siku, dakika chache

Mjerumani anataja mamoja kabla ya makumi, kwa hivyo A asome namba za kutunga mbilimbili na B azibonyeze kwa simu, halafu walinganishe (msibonyeze kitu kingine hapo, M-Pesa haina utani). Saa pia, halb acht ni saa moja unusu na si saa mbili unusu, na hiyo peke yake inaweza kukuchelewesha zamu yako ya kwanza.

4. Usimwambie mtu asimsikilize mwenzake

Hii nilitaka kuiweka mwisho ili wengine wenu mchoke kusoma kabla hamjafika.

Miaka yangu ya kwanza nilikuwa na mwanafunzi muuguzi, tulimwita Sista, mwanamke wa heshima zake, alikuwa akitoka zamu ya usiku anakuja darasani moja kwa moja na thermos ya chai, anasinzia kidogo wakati wa sarufi na bado anapata yote. Kusoma safi. Kuandika safi. Kuongea, anatetemeka mpaka kalamu inaanguka. Sasa mimi kwa ujuaji wangu nikaona dawa ni moja, mazoea. Nikampa mwenzake mmoja, kijana mpole, nikawaweka pamoja kutoka mwanzo wa kozi hadi mwisho, hawabadilishi. Halafu nikawaandikia maneno ya Sprechen Teil 1 ya B1, ile ya kupanga kitu pamoja. Mada nikaitoa kwa lile karatasi la mfano mnalolijua nyote, mwenzenu wa darasa amepata ajali yuko hospitali, pangeni kwenda kumwona. Nikajipongeza kabisa: muuguzi na hospitali, atateleza wapi?

Nikaandika mistari ya Sista, nikaandika ya kijana. Wakarudia na kurudia. Mwisho walikuwa wazuri kiasi kwamba niliita walimu wengine waje waone, nikasimama kando mikono kifuani kama kocha. Wiki ya mwisho Sista akaniuliza, kwa upole wake, "Mwalimu, na yule nitakayekaa naye akisema kitu tofauti?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Sista, usimsikilize sana, atakuchanganya. Wewe endelea na yako."

Siku ya mtihani akapangwa na mtu asiyemjua, bila shaka, kwani mimi ndio napanga? Mada ikawa kumuandalia sherehe mfanyakazi mwenzao anayehama. Ile robo saa ya kujiandaa aliitumia vizuri, sentensi yake ya kwanza ilikuwa ya sherehe kabisa. Halafu mwenzake akamuuliza watanunua nini. Sista akasikia mdundo wa swali, hakusikia swali. Mdomo ukaenda kule ulikozoea. Maua, akasema, na matunda, na kwanza tumuulize daktari saa za kuona wagonjwa. Mwenzake akashtuka, "Warum Arzt?", yaani daktari wa nini? Sista akajibu "Ja, genau!" kwa sababu nilimfunza ukikwama sema ja, genau, yaani ndio, kabisa. Yule jamaa, na alikuwa mtu mzuri, akajaribu kumrudisha, akasema sherehe ni Ijumaa ofisini, labda tuweke muziki. Sista akamwambia muziki hapana, mgonjwa anahitaji kupumzika.

Alinisimulia haya mwenyewe pale kwa ngazi huku akicheka mpaka machozi, na nikacheka pia, na baada ya muda nikaona yale machozi si ya kicheko tena.

Mnajua hesabu za B1, kila moduli ni alama 60 kati ya 100 na hakuna kusaidiana. Tatu akapita, hiyo moja ikamwangusha. Ndio, unaweza kurudia moduli moja peke yake, lakini unalipa tena, unangoja nafasi tena, na yule mwajiri wa huko alikuwa na tarehe yake, hakungoja, akachukua mtu mwingine. Na Sista hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia "ulinifunza vizuri Mwalimu, ni mimi nilisahau." Hakuwa amesahau chochote! Alifanya vile nilimwambia neno kwa neno. Ningependa angenitukana.

Alikuja kupita, akaenda, yuko huko anafanya kazi, si hadithi ya msiba. Lakini nikiona mnatumiana zile PDF za "maswali na majibu ya B1" kwa WhatsApp kichwa kinaniuma upande mmoja. Siku hizi nafanya hivi: kila zoezi mwenzake mpya. Katikati ya kupanga nampitishia B kikaratasi ambacho A hajui, "huna pesa", "Ijumaa uko kazini", "yule mtu humpendi". Na kabla ya kutoa wazo lako lazima kwanza urudie la mwenzako, "du meinst, wir sollen..." (unamaanisha tufanye...), ukilirudia vibaya atakurekebisha mwenyewe. Wanachukia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu unasikia watu wakijibu kile walichoulizwa, na ukishafunza kwa muda utajua hicho ni kitu kikubwa.

5. Heshima zetu

Hii hamtaipata kwa kitabu cha mwalimu, hicho kiliandikwa kwa watu wanaokatizana maneno bila wasiwasi. Hapa kwetu kijana wa miaka 19 hawezi kumwambia mama wa rika la mamake "sijakuelewa". Atatingisha kichwa. Atasema ja. Na mama naye hawezi kumuuliza huyo mtoto mara ya pili, ataona anaaibika. Basi unazunguka darasani unaona watu wanatabasamu na kuitikia, unadhani ni mafanikio, kumbe ni adabu.

Dawa ni kuwapa maneno ya kuomba usaidizi kabla ya zoezi, wie bitte (umesemaje), noch einmal bitte (rudia tafadhali), langsamer bitte (polepole tafadhali), yaandike ukutani, halafu yafanye yawe sheria: kila msikilizaji lazima ayatumie mara mbili hata kama ameelewa. Ikishakuwa sheria ya mchezo hakuna aliyekosewa heshima.

Na chagua kazi ambayo kosa litajionyesha lenyewe. Nilikuwa na pasta, mzee mzima, anafanya A1 amfuate mkewe. Nikamweka na msichana mmoja mdogo, mgongo kwa mgongo, pasta anaeleza picha na msichana anachora. Picha ilikuwa na kanisa. Sasa Kirche ya pasta, ile ch ilikuwa inatoka sh kabisa, msichana akasikia Kirsche, akachora tunda. Pasta akasema ni kubwa, msichana akaongeza ukubwa. Pasta akasema watu wanaingia ndani Jumapili. Msichana akanyamaza kidogo, heshima ikamshika, akachora mlango kwa lile tunda. Walipogeuka pasta akatazama kanisa lake muda mrefu sana. Mimi sikusema neno, na ch yake ikanyooka wiki hiyohiyo.

6. "Wasikilize kwanza, kuongea kutakuja"

Nimeambiwa hivi na mmoja wenu kwa sauti ya mtu aliyesoma. Merrill Swain, mtafiti wa ufundishaji wa lugha, aliandika mwaka 1985 kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka na miaka, kusikia walisikia vizuri, kuongea kukabaki nyuma kwa sababu hakuna aliyewasukuma waongee. Kwa hivyo sukuma.

7. Nne, tatu, mbili

Hadithi ileile kwa dakika nne, kwa mtu mwingine dakika tatu, kwa wa tatu dakika mbili, mwalimu wa lugha Keith Maurice aliieleza 1983 na sijapata kitu bora kwa watu wanaosema "äh" kila baada ya neno. Msikilizaji apewe kazi pia, asikae kama picha.

8. Usiingilie

Andika makosa kwa daftari, yatoe mwishoni bila kutaja mwenyewe. Na wakiwa idadi isiyogawanyika usijipeleke wewe ukawe mwenza wa aliyebaki, utapoteza darasa lote. Weka watatu, wa tatu awe mpelelezi anayeandika walichokubaliana.

9. Gawanya sauti

Kwa B1 kuna sehemu za Hören zinazochezwa mara moja tu, Teil 2 na Teil 3, na bado naskia mkizirudia mara nne darasani kwa huruma. Kata rekodi vipande viwili. Kipande cha kwanza kwa kina A, cha pili kwa kina B, kila mtu na iafoni zake, mara moja. Halafu A anamweleza B alichosikia, na maswali ya kipande cha A anayajibu B. Hapo utaona usikilizaji! Mtu akijua mwenzake anamtegemea hafumbi macho. Wazo lenyewe si la walimu wa lugha, lilitoka kwa mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas mwaka 1971, shule zilikuwa zimechanganya watoto weusi, weupe na wa Kimeksiko na watoto walikuwa wanapigana, akagawanya somo vipande ili kila mtoto amhitaji mwenzake.

Vipande vitume kwa WhatsApp usiku, makundi mawili tofauti, na hakikisha hujatuma cha B kwa kina A kwa sababu kukifuta ni kazi bure, kuna mmoja huwa macho saa nane za usiku ameshakisikiliza. Bando ni yako, msiwachangishe wanafunzi.