Pindo, Mji na Jina: Nilivyojifunza Kuwafundisha Watu Kutazama Sanaa Makumbusho

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mkazi wa Tanga. Ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Ninatamani kuanzisha mazungumzo ya sanaa katika makumbusho ya hapa kwetu, lakini ninaogopa watu hawatakuja, na wakija sijui niwaambie nini. Wewe ulianzaje huko Bagamoyo?" Marahaba, mwanangu. Nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa ninajua wako wengi wenye shauku kama yako, wanaotamani kusimama mbele ya mchoro au kinyago na kuwafumbua wenzao macho.

Ujumbe wako umenifikia siku mbili baada ya Jumamosi ambayo sitaisahau. Chumba tunachokutania, katika makumbusho moja ya mjini kwetu, kilijaa hata baadhi ya watu wakakaa sakafuni kwenye majamvi, na tuliomaliza nao adhuhuri hawakutaka kuondoka. Nitaifikia Jumamosi hiyo. Kwanza nikueleze nilivyoanza, kwa sababu nilianza vibaya.

Nilipostaafu ualimu nilikuwa na projekta ya kuazima, picha 60 nilizozikusanya kwa miezi mingi, na imani kubwa kwamba watu wa Bagamoyo walikuwa na kiu ya kufundishwa sanaa. Siku ya kwanza walikuja watu 19. Nilizungumza kwa saa mbili bila kupumzika, nikianza na Leonardo da Vinci na kushuka karne kwa karne, na kila nilipobadilisha picha niliona mtu mwingine akinyanyuka kimyakimya kuelekea mlangoni. Nilipomfikia Pablo Picasso nilipata nguvu mpya, kwa kuwa nilijua hapo ndipo Afrika inapoingia. Nikaeleza kwamba mwaka 1907, jijini Paris, mchoraji huyo aliingia katika makumbusho ya Trocadéro, akakutana na vinyago vya Afrika, na alichokiona humo kikaacha alama katika kazi yake. Nilitarajia nyuso zichangamke. Badala yake kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na hao waliochonga hivyo vinyago, waliitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Vinyago vingi vya namna hiyo vilichukuliwa kwenda Ulaya bila majina ya wachongaji kuandikwa, nami nilikuwa nimesimama mbele ya watu wangu nikitaja kila jina isipokuwa majina ya waliozitengeneza kazi zenyewe. Nilizima projekta, nikawashukuru waliobaki, ambao walikuwa 7, nikarudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Nilipotaka kujaribu tena nilikwenda katika ofisi moja kuomba msaada wa chumba na viti. Nilizungushwa kwa muda mrefu, leo njoo kesho, hadi siku moja bwana mmoja wa pale akaniambia waziwazi, mbele ya wafanyakazi wenzake, "Mama, watu wa hapa wanataka miradi. Mambo ya kutazama picha ni ya wazungu." Niliondoka bila kumjibu. Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, na nikisema kwamba hayaniumi tena nitakuwa ninakudanganya.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, fundi wa mikeka tangu usichana wake. Alikuja kunijulia hali akanikuta sebuleni, akaketi chini ya mchoro wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa hapa kwetu Tanzania, nilioutundika ukutani, mchoro wa chui. Aliutazama kwa muda mrefu huku chai ikipoa mkononi. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu chui hana pindo. Mkia umekwenda mpaka ukingoni, mji wote umejaa yeye. Na jina lake liko wapi?"

Nilishtuka. Kila mwanamke wa Pwani anajua kwamba kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayosomwa. Bibi huyu, ambaye hajapata kuhudhuria somo la sanaa hata moja, alikuwa ameieleza kazi ile kwa usahihi kuliko nilivyowahi kuieleza mimi. Kweli mnyama katika mchoro ule amekijaza kibao chote, hana nafasi ya kupumulia, na ndiyo maana anamkabili mtazamaji kwa nguvu namna ile. Nami nilikuwa nimeishi nao miaka bila kuliona hilo. Nilimwonesha sahihi ya mchoraji kwenye kona ya chini. Akaridhika, akanywa chai yake.

Tangu siku hiyo ninafundisha kwa maswali hayo matatu tu. Pindo liko wapi, yaani kazi hii inaishia wapi na kitu gani kinaizunguka? Mji una nini, yaani jicho linavutwa wapi? Na jina, yaani nani kaifanya, na inasema nini? Tena ninaleta kazi moja. Ninarudia, mwanangu, kwa sababu najua utashawishika kuleta kumi: leta kazi moja. Waache watu waitazame robo saa nzima kabla hujafungua kinywa. Robo saa hiyo ni ndefu na itakutesa wewe kuliko wao, lakini usiikatishe.

Nilianza na yule chui wangu. Nilikitoa kibao ukutani, nikakiegemeza karibu na dirisha ili mwanga ukipige ubavuni, nikawaita watu wanne wanne wakisogelee. Kwa mbali rangi yake inang'aa tu. Kwa karibu unaona kwamba kila doa la chui limejengwa kwa tabaka: kwanza doa pana la njano, likaachwa likauke, juu yake doa dogo la hudhurungi, na juu ya hilo nukta nyeusi, na kila nukta imevimba kidogo kama punje ya mtama, kiasi kwamba mwanga wa ubavuni unaipa kivuli chake yenyewe. Fundi mmoja wa baiskeli aliinama, akanusa, akasema, "Hii ni rangi yetu." Ni kweli. Ni rangi ya mafuta, ya aina wanayopaka baiskeli.

Hapo, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameshauliza, ndipo nilipowapa historia. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, jambo ambalo wewe, mwalimu wa Tanga, huna ruhusa ya kuwaficha wanafunzi wako. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi hiyo ya bei nafuu na vibao vya kujengea, akauza kazi zake Oyster Bay, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Ni miaka minne tu ya uchoraji, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Watu walinyamaza. Yule kijana wa kidato cha tatu, ambaye sasa amemaliza shule, alikuwapo, na nilimtazama yeye nilipolitaja jina hilo kwa ukamilifu wake.

Siku nyingine niliwaeleza habari za Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na baadaye London, ambaye mwaka 1960 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yalinunua mchoro wake wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Walijadili harusi ile kwa saa nzima, nani hutangulia njiani na nani hubeba nini, na hata asiyewahi kukanyaga Machame, kwao Ntiro kule Kilimanjaro, alikuwa na la kusema.

Sasa nije kwenye Jumamosi iliyopita. Nilimwomba bibi jirani yangu alete mkeka wake mmoja, nasi tukautundika ukutani, mahali tunapoweka michoro. Watu walitazama robo saa yao. Kisha bibi akasimama, akaonesha kwamba mkeka mzima ni ukili mmoja mrefu wa ukindu, uliosukwa kwanza kama utepe kisha ukashonwa kwa kuzungushwa, na kwamba mapambo yale ya zambarau na kijani ni lazima fundi ayahesabu kichwani angali akisuka utepe, ili siku ya kushona yakutane mahali pake. Alituonesha sehemu moja, pana kama viganja viwili, ambapo mapambo yalipishana kidogo. "Hapa nilikuwa na msiba," alisema. Kisha akaugeuza mkeka ili tukague upande wa nyuma, kwa sababu, kwa maneno yake, huko ndiko fundi anakojulikana. Upande wa nyuma ulikuwa safi kama wa mbele. Chini yake tulibandika kadi yenye jina lake, la baba yake na la babu yake, kama alivyotaka mwenyewe.

Katika mstari wa mbele alikaa yule bwana wa ofisini. Aliuliza maswali mawili, yote mazuri. Sikumkumbusha lolote. Lakini nilimwona, naye alijua kwamba nimemwona.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kufanya kazi hii, acheni kuwadharau watu wenu. Mtu aliyekua akichagua kanga dukani, akiikunjua na kuikataa kwa sababu pindo limezidi mji, ana jicho lililofunzwa. Mtu anayepita kila siku chini ya milango iliyochongwa ya mji huu ana jicho. Kazi yenu ni kumpa muda na kitu kimoja cha kutazama, mkanyamaza. Nimewaona wasomi wakija makumbusho na karatasi kumi za kusoma, na nimewaona wasikilizaji wao wakisinzia, nami nilikuwa mmoja wa wasomi hao, kwa hiyo nina haki ya kulisema hili kwa ukali. Leteni kazi moja. Nyamazeni.

Nawe, mwanangu wa Tanga, una mali nyingi mkononi. Mnayo makumbusho ya Urithi katika lile boma la zamani. Kusini mwa mji kuna Tongoni, penye makaburi ya nguzo kama yetu ya Kaole, magofu ya kale karibu na Bagamoyo, na katika nguzo za namna hiyo wazee wetu walipachika bakuli za kauri kutoka Uchina. Wapeleke watu wako mbele ya nguzo moja tu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Waulize kwa nini bakuli ilipachikwa juu na si chini, na iwapo ile ni pindo au ni mji wa kaburi lile. Nimewauliza watu wangu Kaole, na hadi leo hawajakubaliana.

Wakija watatu, anza na watatu. Ukishapanga siku, niandikie mapema. Nitapanda gari la Msata, nitaunganisha basi la Tanga, na nitakuja na yule chui nimemfunga kwenye kanga.